Meza Yako ya Kwanza Katika Adventurers League au Pathfinder Society: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Maswali ya wageni wa Adventurers League na Pathfinder Society, programu za mchezo rasmi wa kuigiza mezani, hayabadiliki. "Nianzie wapi?" "Mpaka niwe na kundi la marafiki?" "Mhusika ninayemcheza nyumbani, naweza kuja naye?" "Nikicheza leo ana kwa ana na wiki ijayo mtandaoni, itahesabika?" Majibu yametawanyika huku na huku, na mengine yalishapitwa na wakati kwa sababu kanuni za programu hizi hurekebishwa mara kwa mara. Nimeyapanga hapa kwa mfuatano ambao wewe mwenyewe utaupitia, tangu siku unayotafuta meza hadi siku unayorudi na rekodi yako ya kwanza mkononi.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kusikia habari za michezo ya kuigiza ya mezani, pengine amecheza mara moja mbili na jamaa zake, lakini hajawahi kuketi kwenye meza ya mchezo rasmi. Sitafundisha kanuni za mapigano wala za uchawi. Hizo zipo vitabuni, na mwendeshaji wa meza yako atakusaidia nazo.

Mchezo rasmi ni kitu gani

Katika kampeni ya nyumbani, mwendeshaji mmoja na wachezaji wale wale hukutana, na mhusika wako huishi kwenye meza ile tu. Katika mchezo rasmi, mchapishaji wa mchezo huweka kanuni moja kwa wote na kutoa visa vilivyoandikwa tayari, nawe unamchukua mhusika wako kutoka meza hadi meza. Leo unacheza dukani na watu usiowajua, kesho kwenye tamasha la michezo, keshokutwa mtandaoni, na mhusika ni yule yule, na dhahabu yake, makovu yake na panga zake.

Jambo hili lina umri. RPGA, chama cha wachezaji kilichokuwa chini ya kampuni ya TSR, kilianzishwa mwaka 1980. Mwaka 1987 kikaanzisha Living City, kampeni ya pamoja katika mji wa kubuni wa Raven's Bluff. Living Greyhawk ilifuata kuanzia 2000 hadi 2008, na humo maeneo ya dunia halisi yalipewa kila moja sehemu yake ya ramani ya mchezo. Siku hizi mgeni atakutana zaidi na programu mbili: Pathfinder Society ya Paizo, wachapishaji wa mchezo wa Pathfinder, iliyoanza 2008 na kuhamia toleo la pili la kanuni mwaka 2019, na Adventurers League ya Dungeons & Dragons (D&D), iliyoanza 2014 pamoja na toleo la tano la mchezo huo.

Kinachowezesha yote haya ni rekodi inayoaminika. Rekodi ya mhusika ni kama kadi ya kliniki: ukifika kituo kingine, asiyekujua anaisoma na kuendelea pale mwenzake alipoishia. Kadi ikiwa na mapengo, hakuna wa kukusaidia hata kama anataka. Ndiyo maana katika hatua zinazofuata nitakaa sana kwenye karatasi kuliko kwenye dadu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kanuni za mchezo. Huhitaji kununua rafu nzima ya vitabu. Kanuni za Pathfinder ziko bure na kwa idhini kwenye tovuti ya Archives of Nethys. Kanuni za msingi za D&D ziko bure kwenye D&D Beyond. Angalia tu toleo: D&D ina vitabu vya 2014 na vilivyoandikwa upya kuanzia 2024, na Pathfinder toleo la pili lilifanyiwa marekebisho makubwa kuanzia 2023. Muulize mwandaaji meza inatumia lipi.
- Mwongozo wa wachezaji wa programu yenyewe. Ni hati tofauti na kitabu cha kanuni. Hutolewa bure, na ndani yake ndimo mnamoelezwa kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa. Pakua toleo jipya kabisa, si lile ambalo rafiki alikutumia zamani.
- Seti ya dadu saba: ya pande 4, ya pande 6, mbili za pande 10, ya pande 12, ya pande 8 na ya pande 20. Kwa meza za mtandaoni, programu ya kompyuta mnayochezea huzirusha yenyewe.
- Karatasi ya mhusika, penseli na kifutio. Usitumie kalamu ya wino kwenye alama za uhai. Zitabadilika usiku kucha.
- Faili moja ya kutunzia rekodi, iwe ya karatasi au ya kwenye simu. Iwe moja.
- Muda. Kisa cha kawaida cha Pathfinder Society huchukua saa 4 hadi 5. Visa vingi vya Adventurers League huandikwa kwa saa 2 au 4. Usijiandikishe kama una miadi katikati.

Hatua

1. Chagua programu kwa kuangalia meza zilizopo.

Wageni wengi hupoteza majuma wakilinganisha kanuni za D&D na za Pathfinder. Usifanye hivyo. Angalia ni meza gani unaweza kuifikia kwa urahisi, kwa miguu au kwa intaneti, kisha anza nayo. Ukishazoea moja, nyingine utaijifunza haraka, kwa sababu taratibu za kukaa, kurekodi na kupanda ngazi zinafanana kwa kiasi kikubwa.

Hata hivyo, tofauti moja uijue mapema. Pathfinder Society inakutaka uwe na namba ya usajili, na vipindi vyako huwekwa kwenye kumbukumbu ya mchapishaji. Adventurers League haina daftari kuu la namna hiyo. Rekodi unaitunza wewe. Mtu asiyependa kutunza makaratasi atapumua zaidi kwenye Pathfinder Society.

2. Jisajili.

Kwa Pathfinder Society, fungua akaunti kwenye tovuti ya Paizo, kisha uombe namba ya mchezo rasmi. Namba hiyo ni yako maisha yote. Kila mhusika hupewa namba yake nyuma ya namba yako. Wahusika wa toleo la pili huanzia 2001. Basi namba yako ikiwa 123456, mhusika wako wa kwanza ni 123456-2001, wa pili ni 123456-2002, na kuendelea. Iandike kwenye simu yako, utaulizwa kila mara.

Tahadhari: usifungue akaunti ya pili kwa sababu umesahau nywila ya kwanza. Utakuwa na historia mbili zisizokutana, na kuziunganisha baadaye ni usumbufu. Rudisha nywila.

Kwa Adventurers League huhitaji namba. Pakua karatasi ya kumbukumbu, au tengeneza jedwali lako lenye safu zile zile.

3. Tafuta meza, kisha soma ngazi ya kisa kabla ya kujiandikisha.

Meza hutangazwa kwenye maduka ya michezo, kwenye matamasha, kwenye seva za Discord za jumuiya hizi na kwenye tovuti ya Warhorn, inayotumiwa sana kwa kujiandikisha. Pathfinder Society ina pia maofisa wa kujitolea wa kila eneo, wanaoitwa Venture-Captain, Venture-Lieutenant na Venture-Agent. Kazi yao ni watu kama wewe. Waandikie bila kuona haya.

Kwenye tangazo utaona ngazi za wahusika wanaokubaliwa. Kwenye Adventurers League kuna madaraja manne: la kwanza ni ngazi 1 hadi 4, la pili 5 hadi 10, la tatu 11 hadi 16, la nne 17 hadi 20. Visa vya Pathfinder Society huandikwa kwa mafungu kama 1–4, 3–6, 5–8 na 7–10. Mgeni anatafuta kisa kinachoanza na 1. Basi.

Tahadhari: kosa ninaloliona zaidi kuliko yote ni mgeni kujiandikisha kwenye kisa kwa sababu jina lake linavutia, kisha anafika na mhusika wa ngazi ya kwanza kwenye meza ya 5–8. Mwendeshaji hawezi kukubali, hata akikuonea huruma, na nafasi uliyoishika mwenzako angeitumia.

Unapojiandikisha, andika sehemu ya maelezo: "Mimi ni mgeni, hiki ni kisa changu cha kwanza." Mwandaaji mzuri atakuketisha karibu na mtu mvumilivu.

4. Mara ya kwanza, cheza na mhusika aliyetengenezwa tayari.

Najua una mhusika kichwani. Mwache kwa usiku mmoja. Paizo hutoa wahusika kamili bure, wa ngazi ya 1, 3 na 5, kama Valeros mpiganaji, Kyra kasisi, Ezren mchawi na Merisiel mwizi hodari. Kwa Adventurers League pia wapo wahusika wa tayari, na waandaaji wengi hufika nao. Karatasi imejaa, hesabu zimehakikiwa, wewe unacheza tu.

Hupotezi kitu. Kwenye Pathfinder Society, ukimcheza wa ngazi ya kwanza, alama za uzoefu na dhahabu ya kisa hicho unaweza kumwekea mhusika wako mpya wa ngazi ya kwanza. Kumbe unaanza na akiba, na unakuwa umeshajua kama kweli unataka kupiga upanga au kusimama nyuma na kuponya.

5. Tengeneza mhusika wako kwa kanuni za programu.

Hapa ndipo mhusika wa nyumbani hukwama. Nyumbani mlirusha dadu kupata sifa za msingi, mkaongeza kanuni moja ya kwenu, mwendeshaji akakupa upanga wa urithi. Mchezo rasmi haupokei hayo, kwa sababu mtu atakayeketi nawe kesho hakuwepo. Unaweza kumchukua kwa jina, sura na tabia, lakini hesabu zake unaanza upya.

Kwa Adventurers League, sifa sita za msingi hazirushiwi dadu. Una njia mbili. Ya kwanza ni kupanga namba hizi sita utakavyo: 15, 14, 13, 12, 10, 8. Ya pili ni kununua kwa pointi 27. Kila sifa huanza na 8 isiyo na gharama. 9 hugharimu pointi 1, 10 pointi 2, 11 pointi 3, 12 pointi 4, 13 pointi 5, 14 pointi 7, na 15 pointi 9. Ukijumlisha ule mpangilio wa kwanza utapata 27 kamili, kwa hiyo hakuna njia yenye upendeleo. Alama za uhai nazo hazirushiwi dadu unapopanda ngazi. Unachukua namba iliyowekwa. Mpiganaji, kwa mfano, hupata 6 pamoja na nyongeza ya ustahimilivu wake.

Kwa Pathfinder toleo la pili, dadu haziingii kabisa. Nyongeza za sifa hutoka kwenye asili ya mhusika, malezi yake, fani yake, kisha nyongeza nne za hiari. Katika ngazi ya kwanza sifa moja haivuki +4. Una sarafu 15 za dhahabu za kununulia vifaa, na alama za uhai ni jumla ya za asili, za fani na za ustahimilivu. Chagua pia kundi la kuanzia ndani ya Society: Envoy's Alliance, Grand Archive, Horizon Hunters au Vigilant Seal. Soma maelezo ya kila moja, chukua linalokugusa. Usikeshe hapo.

Kabla ya kuchukua uwezo wowote kutoka kitabu cha ziada, hakikisha umeruhusiwa. Pathfinder Society ina orodha ya kila kitabu na kilichomo kinachokubaliwa. Kisha uwe na njia ya kuuonyesha uwezo huo mezani, kwenye kitabu au kwenye simu, maandishi kamili. "Nilisoma mahali fulani" haimsaidii mwendeshaji aliye na kundi zima linalosubiri.

Ushauri wangu kwa mgeni: chagua fani ambayo zamu yake unaweza kuieleza kwa sentensi moja. "Nasogea, napiga." "Nasimama mbali, narusha mshale." Wahusika wanaoita wanyama watatu na kubadilika umbo ni wazuri sana, lakini ukiwa bado unatafuta dadu ya pande 12 ilipo, zamu yako itawachosha wengine nawe utatoka ukiwa na aibu usiyostahili.

Tahadhari nyingine, na hii ni ya moyo zaidi kuliko hesabu: usitengeneze mhusika mpweke, mwenye chuki na kila mtu, anayewaibia wenzake. Wajibu wa wanachama wa Pathfinder Society ni mitatu: kuchunguza, kuripoti, kushirikiana. Adventurers League nayo haivumilii mhusika anayewadhuru wenzake. Mpe mhusika wako sababu ya kutaka kwenda na watu asiowajua. Sababu moja inatosha, hata kama ni deni.

6. Jaza karatasi hadi mwisho, usiku wa kuamkia mchezo.

Andika bonasi ya kila shambulio ikiwa imekwisha kujumlishwa, si vipande vyake. Andika madhara ya kila silaha. Andika uchawi wako kwa ufupi pamoja na ukurasa ulipo. Kwenye Pathfinder kagua mzigo. Wageni hununua kamba, mienge na nyundo hadi mhusika anashindwa kutembea. Baada ya hapo mpe mwenzako anayejua aipitie, au uipige picha umtumie mwandaaji. Makosa yanayogunduliwa usiku huo hayamsimamishi mtu kesho yake.

7. Fika mapema, ujitambulishe.

Robo saa inatosha. Mwambie mwendeshaji: "Samahani, mimi ni mgeni. Nina mpiganaji wa ngazi ya kwanza, namba yangu ni hii." Atakupa karatasi ya kusaini au fomu ya kujaza. Jaza namba kwa hati inayosomeka: tarakimu moja ikikosewa, kipindi chako kinamwendea mtu mwingine.

Kisha kila mchezaji atamtambulisha mhusika wake. Sema jina, sura kwa sentensi moja, na anachoweza kufanya kwa ajili ya kundi. Historia ya ukoo wake itatoka yenyewe mbele ya safari.

Meza nyingi zina pia kadi yenye alama ya X katikati, utaratibu uliobuniwa na John Stavropoulos. Jambo lolote kwenye hadithi likikuumiza, unaigusa kadi, na jambo hilo linarukwa bila kuulizwa kwa nini. Itumie ukihitaji. Ipo kwa ajili hiyo, na kila aliyepo ameikubali alipoketi.

8. Cheza ukiikumbuka saa.

Kisa rasmi kina mwanzo, katikati na mwisho ulioandikwa, na kinatakiwa kuisha ndani ya saa zake. Mwendeshaji ana uhuru wa kuigiza na kuitikia mnachobuni, lakini hawezi kuhamisha kisa chote kwenye mji mwingine kwa sababu mmoja wenu anataka kufungua mgahawa. Ukiona anawarudisha kwenye njia kwa upole, mfuate.

Panga zamu yako wakati mwenzako anacheza ya kwake. Ikifika, sema unachokusudia, rusha dadu ya shambulio na ya madhara kwa pamoja, taja namba. Usiyemjua akisita, mpe nafasi. Usimwambie cha kufanya mpaka aombe ushauri. Hili nalisisitiza kwa sababu wenyeji wakarimu ndio hukosea zaidi hapa: wanataka kusaidia, mwishowe mgeni anasogeza tu kipande walichomwelekeza, na harudi tena.

Kwenye Pathfinder unaanza kila kipindi na alama moja ya ushujaa. Inaweza kutumika kurudia kurusha dadu, na ukiwa unakufa unaweza kutoa zote ulizo nazo ukabaki hai. Wageni huitumia mapema kwenye jambo dogo. Ihifadhi hadi pambano la mwisho, isipokuwa mwendeshaji akikupa nyingine katikati.

Ukiwa umeshakijua kisa, kwa kukicheza au kukisoma, mwambie mwendeshaji kabla hakijaanza. Kucheza huku unajua mlango wenye mtego ni kuwanyang'anya wengine usiku wao.

9. Usiondoke bila rekodi.

Kisa kikiisha watu huchoka, hucheka, huanza kukusanya dadu, na hapo ndipo rekodi hupotea. Kaa dakika kumi zaidi.

Kwenye Pathfinder Society utapewa hati ya kumbukumbu ya kisa hicho, ya karatasi au ya kupakua. Hakikisha ina mambo haya: namba yako na ya mhusika, jina la kisa na namba yake, tarehe, namba ya tukio, alama za uzoefu, dhahabu, heshima uliyopata kwa kundi lako, na namba ya mwendeshaji. Kisa cha kawaida hutoa alama 4 za uzoefu, na ngazi moja ni alama 12. Kwa maneno mengine, visa vitatu vinakupandisha.

Kwenye Adventurers League jaza wewe mwenyewe: tarehe, jina la kisa, jina la mwendeshaji, dhahabu, siku za mapumziko, vifaa vya uchawi vilivyopatikana, na kama umepanda ngazi au umeamua kubaki. Ndiyo, unaruhusiwa kubaki. Anayependa visa vya daraja la kwanza asikimbilie la pili; akishavuka hawezi kurudi na mhusika yule.

Piga picha. Tuma picha hiyo mahali ambapo simu ikipotea bado utaipata.

10. Nunua, panda ngazi, sahihisha.

Fanya haya nyumbani, si mezani wiki ijayo watu wakikusubiri. Kila unachonunua kiandike kwenye rekodi pamoja na bei na salio. Vifaa vya kudumu vya uchawi vina ukomo kulingana na daraja kwenye Adventurers League, kwa hiyo si kila kitu unachokipata utaweza kukibeba kwa wakati mmoja.

Na kama mhusika hakukufurahisha, usimtupe haraka. Pathfinder Society inakuruhusu kumtengeneza upya bila gharama mpaka siku utakapomcheza akiwa ngazi ya 2. Unaweza kubadilisha fani, asili, karibu kila kitu, huku ukibaki na alama za uzoefu ulizochuma.

Mambo yakikwama

Meza haijatimia. Pathfinder Society hupangwa kwa wachezaji 4 hadi 6, Adventurers League kwa 3 hadi 7, bila kumhesabu mwendeshaji. Mkiwa watatu kwenye Pathfinder Society, muulizeni mwendeshaji kuhusu kuongeza mhusika wa tayari kujaza nafasi. Kwenye Adventurers League watatu wanatosha.

Kisa nilishakicheza. Pathfinder Society hukupa malipo ya kisa mara moja kama mchezaji na mara moja kama mwendeshaji, isipokuwa visa vilivyotajwa kuwa vya kurudiwa. Mgeni anapaswa kupenda hivyo vya kurudiwa. Huchezeka na mhusika mwingine bila shida. Kwenye Adventurers League unaweza kukirudia na mhusika mwingine, si yule yule.

Kipindi hakionekani kwenye akaunti yangu. Subiri siku chache kwanza, kwa kuwa waandaaji ni watu wa kujitolea. Kisha mwandikie mwandaaji, kwa heshima, ukimpa namba ya tukio, tarehe, jina la kisa na namba yako. Mara nyingi ni tarakimu iliyokosewa. Hati yako ya kumbukumbu ndiyo ushahidi, ndiyo maana tuliipiga picha.

Nimepoteza karatasi zote. Kwenye Pathfinder Society anza na orodha ya vipindi kwenye akaunti, kisha uwaombe waendeshaji nakala. Kwenye Adventurers League andika upya unachokikumbuka kwa uhakika, ukiacha usichokikumbuka. Usijipe upanga kwa kukisia.

Mwendeshaji amekosea kanuni. Mwambie mara moja, kwa ufupi, ukionyesha ukurasa. Asipokubali, endeleeni na uamuzi wake, mzungumze baada ya kisa. Isipokuwa mhusika wa mtu yuko karibu kufa kwa sababu ya kosa hilo: hapo inafaa kusimama dakika mbili na kufungua kitabu.

Mhusika wangu amekufa. Usichane karatasi. Zipo njia za kumrudisha. Katika D&D toleo la tano, uchawi wa kufufua huhitaji almasi ya thamani ya sarafu 500 za dhahabu na maiti isiyozidi siku 10; wachezaji wa ngazi za juu huchangishana, na mgeni akifa mara nyingi wenzake humbeba. Uliza kabla meza haijavunjika, kwa sababu malipo ya kufufuliwa lazima yaandikwe kwenye rekodi ya kipindi hicho hicho.

Kanuni iliyomjenga mhusika wangu imebadilishwa. Soma tangazo la programu. Mabadiliko makubwa huja na maelekezo ya nini kifanyike kwa wahusika waliopo. Usiendelee na kanuni ya zamani kimyakimya.

Kuna mchezaji anayenisumbua. Ikiwa ni mtu wa kukatiza wengine tu, mwendeshaji anaweza kumtuliza. Mnong'oneze wakati wa mapumziko. Ikiwa ni matusi, kuguswa, au maneno ya kudhalilisha, ondoka mezani uende kwa mwandaaji, si lazima umalize kisa. Programu zote mbili zina kanuni za maadili, na maofisa wa eneo wana mamlaka ya kumzuia mtu asirudi.

Wenzangu wamenipita ngazi. Cheza visa vya 1–4 kwenye meza nyingine mpaka uwafikie. Visa vitatu kwa ngazi si mbali.

Nimeombwa kuendesha meza, naogopa. Chukua kisa cha kurudiwa cha ngazi ya kwanza ambacho umeshakicheza. Kisome mara mbili: mara ya kwanza kama hadithi, mara ya pili ukiwa na penseli, ukiandika pembeni majina ya watu, namba za ulinzi za maadui na saa ambayo kila sehemu inatakiwa iwe imeisha. Chora ramani kabla ya siku yenyewe. Malipo ya kisa unaweza kumwekea mhusika wako, kwa hiyo hubaki nyuma kwa kuwatumikia wengine. Na usiku huo huo, kabla ya kulala, ripoti kipindi au uwagawie wachezaji maelezo ya rekodi, kwani kuna mgeni ambaye atafungua akaunti yake asubuhi kuona kama kisa chake cha kwanza kimeingia.